Hedfoni za omu 300 na kompyuta inayokwaruza: kipi ununue, kipi uache

"Habari za kazi, fundi. Nimenunua hedfoni kubwa zilizo wazi nyuma, za omu 300, baada ya kusikia zikisifiwa kila mahali. Nikizichomeka kwenye kompyuta yangu mpakato sauti ni ndogo na nyembamba hata nikiipandisha hadi mwisho. Pakiwa kimya nasikia mikwaruzo kama mende anatembea juu ya karatasi, hasa nikisogeza kipanya. Rafiki yangu anasema ninunue DAC ya biti 32 na kHz 384. Mwingine anasema amplifaya ya vali, zile bomba za kioo za zamani, kwa kuwa sauti yake ina joto. Nina pia hedfoni za Bluetooth ambazo sauti inaharibika kabisa kila nikiingia kwenye kikao cha mtandaoni. Je, kifaa kimoja kitamaliza yote haya? Na nitasikia tofauti kweli, au nitakuwa nimejidanganya?"

Salama, ndugu yangu. Umeandika swali moja lakini umeniletea wagonjwa watatu: sauti ndogo na nyembamba, mikwaruzo, na Bluetooth inayoharibika kikaoni. Kifaa cha nje kikichaguliwa vizuri kitawatibu wawili wa kwanza. Wa tatu hakimhusu hata kidogo. Na zile namba za rafiki yako, biti 32 na kHz 384, hazimgusi mgonjwa yeyote kati yao.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu husema "kompyuta yangu haina DAC" kana kwamba ni kiungo kilichosahauliwa kiwandani. Muziki ndani ya kompyuta ni foleni ya namba, na hedfoni hazijui kusoma namba. Zinajua umeme unaopanda na kushuka. Anayegeuza namba kuwa umeme ni DAC, na anayeupa umeme huo nguvu ya kusukuma spika zilizo masikioni mwako ni amplifaya. Kompyuta yoyote yenye tundu la hedfoni inavyo vyote viwili. Kwa hiyo hununui kitu usichonacho. Unaihamisha kazi hiyo kutoka mahali penye vurugu, unampa fundi mwingine mwenye nafasi na nguvu zaidi.

Vurugu yenyewe ndiyo hiyo mikwaruzo yako. Unaposogeza kipanya, kichakataji kinazinduka, kioo kinachorwa upya, na umeme unaovutwa kwenye madabodi unarukaruka. Saketi ya sauti inachangia na hao majirani njia moja ya kurudishia umeme, ile tunayoiita ethi. Ethi ikiyumba kidogo tu, amplifaya haina namna ya kujua kwamba huo si muziki, inakuletea. Na kinachohitajika ni kidogo mno. Hedfoni za aina yako kwa kawaida hutoa desibeli 97 hivi kwa volti 1. Uchafu wa elfu moja tu ya volti, basi, ni desibeli 37, na usiku chumba kikiwa kimya hizo utazisikia bila kutega sikio.

Kabla hujatoa fedha, jaribu hivi. Simamisha muziki, vaa hedfoni, kisha pandisha na kushusha ukurasa mrefu. Mikwaruzo ikifuata mkono wako, chomoa chaja, kompyuta itumie betri, urudie. Ikibaki vile vile, inatoka ndani ya kompyuta, na hapo DAC ya nje ndiyo dawa yake hasa. Ikinyamaza, uchafu unaingia kupitia chaja. DAC ya USB inaweza kuupunguza lakini sikuahidi kwamba itaumaliza, maana nayo inakula umeme wa kompyuta ile ile. Chaja nyingine iliyo nzima inaweza kukusaidia kuliko kifaa chochote cha sauti. Mwenye kompyuta ya mezani ningemwambia ahamishe pini kutoka tundu la mbele kwenda la nyuma kabla ya kufanya lingine lolote. Tundu la mbele huungwa kwa waya mrefu unaopita ndani ya boksi, kando ya feni na kadi ya picha, na waya huo huokota kila kitu njiani.

Na tukiwa kwenye pini: kuna mtu aliwahi kuniletea amplifaya mpya kabisa akitaka airudishe dukani. Anasema waimbaji wamepotea. Ngoma anazisikia, mwangwi anausikia, mwimbaji hayupo. Niliisukuma pini kwa kidole gumba, ikalia "tak", mwimbaji akarudi. Pini isipoingia hadi mwisho, waya wa kurudishia umeme haugusi, na unachobaki kusikia ni tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati, sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo anajifuta. Hedfoni kubwa mara nyingi huja na adapta ya kutoka milimita 6.35 kwenda 3.5, na adapta hizo zina tabia ya kubaki nje kidogo. Angalia yako kwanza.

Sasa sauti ndogo. Omu ni kipimo cha ukinzani dhidi ya mkondo wa umeme, wala si cheti cha ubora, ingawa wauzaji wengi huzitaja kana kwamba ni karati za dhahabu. Omu 300 maana yake koili iliyo ndani ya hedfoni imezungushwa kwa waya mwembamba, mizunguko mingi, kwa hiyo inataka volti nyingi na mkondo kidogo. Kompyuta mpakato imezaliwa kinyume chake. Tundu lake kwa kawaida hutoa nusu volti hadi volti 1 hivi, kwa sababu limetengenezwa kwa ajili ya vile vya kuchomeka masikioni vya omu 16 au 32, ambavyo kwa volti hizo hupiga kelele hadi uvivue.

Tupige hesabu kwa hedfoni zako. Volti 1 inakupa desibeli 97, nusu volti inakupa 91. Utasema mbona 91 ni kelele tosha? Zingetosha kama muziki ungekuwa mstari ulionyooka. Hizo 91 ni za kilele, pale ngoma inapopigwa; okestra iliyorekodiwa kwa uangalifu, au filamu, sehemu kubwa ya mwendo wake iko chini ya kilele kwa desibeli 15 hadi 20. Unabaki na 71 au 76, na mazungumzo ya filamu yako chini zaidi ya hapo. Wimbo wa kisasa uliobanwa hadi ukawa tofali hausumbuki hivyo. Kama umegundua kwamba nyimbo fulani zinasikika vizuri na filamu zinanong'ona, sababu ndiyo hiyo.

Na wembamba unaoulalamikia kwa sehemu ni mtoto wa tatizo hilo hilo. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti nzito na sauti za kati kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo inayotangulia kutoweka. Pandisha volyumu hadi kiwango cha kawaida na besi itarudi yenyewe bila mtu kugusa kitu. Sehemu iliyobaki ni maumbile ya hedfoni zako. Zilizo wazi nyuma hazibani hewa, na nyingi hupungukiwa na besi ya chini kabisa. Hilo amplifaya haiondoi, nitalirudia.

Unahitaji nguvu kiasi gani basi? Kidogo kuliko matangazo yanavyodai. Kwa volti 4, kilele chako kinafika desibeli 109, na hedfoni zinatumia miliwati 53 tu. Bandari ya USB 2.0 peke yake inatoa hadi wati 2.5. Kwa hiyo kifaa kinachokula umeme wa USB, kisicho na chaja yake, kinaweza kukutosha bila jasho. Ila soma maelezo yake vizuri. Wauzaji hupenda kuandika nguvu kwa omu 32, kwa sababu hapo namba ni kubwa na nzuri. Wewe tafuta mstari unaotaja omu 300, au unaotaja volti. Kikitoa volti 2, umepata desibeli 103, na watu wengi hawatataka zaidi. Kikitoa 4 umemaliza. Kisipoandika lolote zaidi ya "nguvu kubwa", kiache kilipo.

Zile adapta fupi za USB-C zenye tundu mwishoni ni DAC kamili, usizidharau kwa udogo wake. Ile ya Apple ina kelele ndogo sana na hutoa volti 1 hivi. Inayouzwa Ulaya imepunguzwa makusudi hadi nusu yake. Kwako itaondoa mikwaruzo lakini haitaongeza sauti. Kwa mtu mwenye hedfoni za omu 32 ningemwambia anunue hiyo au mfano wake na aende zake akasikilize muziki. Kwako wewe, tafuta kifaa chenye DAC na amplifaya ndani ya kiboksi kimoja, chenye kirungu halisi cha volyumu kinachozunguka chini ya vidole. Kirungu hicho nakipenda kuliko chipu yoyote iliyomo ndani, maana ndicho utakachokishika kila siku. Kama kina swichi ya geini, yaani kiwango cha kukuza sauti, anza na ya chini, na upande ya juu pale tu kirungu kikifika mwisho bila kukutosheleza.

Vile visanduku vya kurekodia, vyenye tundu la maikrofoni mbele, vinafaa kwa mtu anayerekodi kweli. Tundu lake la hedfoni mara nyingi ni la kutimiza wajibu tu, na omu 300 huliacha likihema. Kuna pia vifaa vyenye tundu la ziada la milimita 4.4, la waya wa aina ya balansi, ambao kila upande una njia yake ya kurudishia umeme. Hilo huongeza volti maradufu, basi. Linataka waya tofauti wa hedfoni, na kama tundu la kawaida la kifaa linakutosha, hutapata kitu kipya.

Tuje kwa rafiki yako wa biti 32. CD iliyotoka mwaka 1982 ilitumia biti 16 na sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde (ndiyo kHz 44.1). Sampuli hizo zinabeba sauti zote hadi kHz 22.05, na sikio la kijana mwenye afya linakoma kwenye kHz 20. Letu sisi tuliokula chumvi limekoma zamani. Biti 16 zinakupa nafasi ya desibeli 96 kati ya kelele ya chini na kilele. Hakuna chumba unachokaa wewe kilicho kimya kiasi cha kuzitumia zote. Biti 24 zina kazi ya maana studioni, na nyumbani zina faida moja ndogo: ukipunguza volyumu kwa programu, kila desibeli 6 unazoshusha zinakula biti moja, na mwenye 24 ana akiba. Kwa hiyo weka kifaa kwenye biti 24 na kHz 44.1 au 48, ukisahau. Namba 384 kwenye boksi haidhuru, ila usiilipie.

Hata jina la chipu usilipe uzito sana. Oktoba 2020 kiwanda cha chipu cha kampuni ya AKM kule Nobeoka, Japani, kiliungua, na watengenezaji wa DAC waliokuwa wakijivunia chipu hizo wakalazimika kuchora upya vifaa vyao kwa chipu za wengine. Vifaa vilivyochorwa vizuri viliendelea kuwa vizuri. Saketi inayoizunguka chipu, yaani umeme wake, ethi yake na amplifaya yake, ndiyo inayoamua.

Aliyekushauri vali hakukudanganya kabisa. Joto analolisema lipo, na lina sababu mbili zinazopimika. Vali huongeza upotoshaji wake kidogo ambao sikio huupokea kwa upole. La pili ndilo lenye uzito: amplifaya nyingi za vali zina ukinzani mkubwa kwenye tundu lake. Hedfoni kama zako hazina omu 300 kila mahali; eneo la besi ukinzani huo hupanda sana, na amplifaya yenye ukinzani mkubwa hupeleka volti nyingi zaidi hapo hapo. Besi inavimba kidogo, unasema "joto". Ni ladha, na ladha haina hukumu. Mimi ningeanza na amplifaya ya kawaida iliyo safi, halafu ladha nikaitafuta kwenye ikwalaiza, yaani programu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyingine, ambayo ukichoka nayo unaizima kwa kubofya mara moja. (Kwa wenye vile vidogo vya masikioni vyenye spika kadhaa ndani, ukinzani wa tundu ni jambo la hatari zaidi: uwe chini ya moja ya nane ya ukinzani wa hedfoni, la sivyo sauti inageuka sura. Wewe wa omu 300 hilo lisikukoseshe usingizi.)

Na hapa ndipo lile la besi nililosema nitalirudia. Kinachobadilisha sauti zaidi ni hedfoni, kisha rekodi, kisha jinsi zinavyokaa kichwani. DAC iko mbali nyuma. Besi ya chini inayokosekana huwezi kuinunua kwenye DAC, lakini unaweza kuirudisha bure. Kwenye Windows ipo Equalizer APO, kwenye Linux ipo EasyEffects. Ongeza desibeli 4 au 5 chini ya 100 Hz, na hapo hapo shusha volyumu ya awali ya programu kwa kiasi kile kile. Usipofanya hivyo vilele vitakatwa na utasikia mpasuko, halafu utailaumu amplifaya.

Kifaa kikifika, kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyi cha USB kilichojaa vitu vingine. Fungua mipangilio ya sauti uhakikishe kompyuta inatuma sauti kwenye kifaa hicho, maana Windows hupenda kuipeleka inakojua yenyewe. Zima maboresho ya sauti na sauti ya kuzunguka ya kubuni. Weka volyumu ya kompyuta karibu na mwisho, kisha endesha kwa kirungu. Mac na Linux kwa kawaida hazihitaji draiva, ile programu ya kuitambulisha kompyuta kwa kifaa. Windows 10 ilipata draiva yake ya USB Audio Class 2, kiwango ambacho vifaa vingi vya aina hii hutumia, mwaka 2017, kwa hiyo ni kompyuta ya kale tu itakayokudai draiva ya mtengenezaji.

Mgonjwa wa tatu: Bluetooth. Hedfoni hizo zina DAC na amplifaya yake ndani, na kompyuta inazipelekea namba kwa redio. Kifaa chako cha USB hakipo kwenye njia hiyo. Zinaharibika kikaoni kwa sababu Bluetooth ya kawaida haiwezi kubeba muziki mzuri wa stereo na maikrofoni yako kwa wakati mmoja. Programu ya kikao ikiomba maikrofoni ya hedfoni, zote zinahamia hali ya simu: mono, na kila kilicho juu ya kHz 8 kinatupwa, mara nyingine hata juu ya kHz 4. Fungua mipangilio ya kikao, chagua maikrofoni ya kompyuta badala ya ile ya hedfoni, na muziki utarudi papo hapo. Teknolojia mpya ya LE Audio inalirekebisha hili, mradi kompyuta na hedfoni zote mbili ziwe nayo.

Kuhusu kujidanganya: umeuliza vizuri, na wanunuzi wengi hawaulizi. Mikwaruzo ikiisha hujidanganyi, ipo au haipo. Sauti ikipanda hujidanganyi. Lakini ukianza kusikia "nafasi kati ya ala" na "pazia limeondoka", kumbuka kwamba kitu kinachopiga kwa desibeli moja tu zaidi hudhaniwa ni bora. Ukitaka kulinganisha vifaa viwili, sawazisha volyumu kwa kipimo, si kwa sikio, na mtu mwingine abadilishe bila wewe kuona. Mimi nimewahi kushindwa jaribio hilo mbele ya watu niliokuwa nimetoka kuwafundisha.

Jambo moja nakuomba ulichukulie kwa uzito. Leo kompyuta yako haina nguvu nyingi ya kukuumiza kwa hedfoni hizo. Kesho itakuwa nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 95 umebakiwa na saa 1 na robo, kwa wiki nzima. Shusha kirungu kabla ya kuvaa, kila mara. Masikio yakivuma baada ya kusikiliza na uvumi huo usiondoke kesho yake, au upande mmoja ukawa mzito ghafla, acha hedfoni uende kwa daktari wa masikio mara moja, wala usisubiri wiki iishe.

Fundi wa kompyuta mwone kama tundu linalegea na sauti inakatika ukigusa pini, au mikwaruzo imeanza ghafla kwenye mashine iliyokuwa kimya. Na kama ganda la nje la kompyuta linakutetemesha vidole ikiwa kwenye chaja, huo ni umeme unaovuja. Mwasho mdogo ni wa kawaida kwa chaja za pini mbili, lakini ukiwa mkali acha kuitumia hiyo chaja na umwite fundi umeme aangalie soketi na ethi ya nyumba. Utakutana na watu wanaoshauri kuikata pini ya ethi ili mvumo uishe. Ni kweli huisha. Lakini pini hiyo ndiyo inayobeba umeme kwenda ardhini siku kitu kikiungua ndani, na ukiikata, umeme huo utapitia kwako ukiwa umevaa hedfoni.

Anza na jaribio la chaja leo usiku. Ukiniandikia tena, niambie kama mikwaruzo ilinyamaza au haikunyamaza, maana jibu hilo ndilo litakaloniambia kama ununue kifaa kwanza au chaja kwanza.